Ukali wa Kuazima

Kasri, chumba cha kufulia
Tarehe 4, mwezi wa pili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo, mbuzi hajambo, na wewe na fundi viatu wa jirani bado mnagombana vizuri. Mimi mzima, ila sabuni ya huku imenichubua mikono mpaka naona haya kumpa mtu mkono.

Najua uliniambia nikija huku nifue nguo, siasa niwaachie wenyewe. Nimejitahidi, Dada. Lakini ukifua kola za mfalme kila siku, utake usitake unajua mambo. Kola zake zimetafunwa. Anazitafuna mwenyewe, kijana mzima mwenye ndevu, kila Baba yake Mdogo anapoongea. Na Baba Mdogo anaongea kutwa. Anakula kwenye sahani ya mfalme, anavaa soksi za mfalme (nazifua mimi, najua miguu ya nani imepita humo), na mfalme anasema "samahani". Juzi alijikwaa kwenye kiti, akakiomba kiti msamaha.

Huwa anashuka huku kwangu. Anakaa juu ya kapu la nguo chafu, ananitazama nikipiga pasi. Nadhani ni mahali pekee humu ndani ambapo hakuna anayemtaka aweke muhuri kwenye kitu. Ndiye aliyeniambia kwamba mwisho wa mwezi kuna baraza kuu, na Baba Mdogo ameandaa tangazo kuwa mfalme "anapumzika kwa sababu za afya". Atapelekwa kwenye nyumba ya milimani, mlinzi mbele, mlinzi nyuma. Kiti atakikalia mwingine. "Sitaki," aliniambia, "lakini nikifungua mdomo kusema sitaki, unatoka upepo mtupu."

Dada, naomba ukali wako. Niazime tu, kwa siku ya baraza. Nchi nzima hakuna mwenye ukali kama wako, na nasema hivyo kwa heshima.

Mdogo wako


Nyumbani
Tarehe 9, mwezi wa pili

Wewe,

Marahaba. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. "Kwa heshima"! Heshima ungekuwa nayo ungeandika zamani kuuliza kama paa limezibwa. Halijazibwa. Nimeweka ndoo.

Nilijua. Siku ile unafunga mzigo nilijua. Nilisema, huyu akifika kwa wakubwa hatafua wiki mbili kabla hajatia mkono. Tangu utoto ukiona kidonda lazima ukiguse. Halafu nani anaitwa kuja kusafisha? Mimi.

Sasa nisikilize, maana wewe Mama alipokuwa anafundisha ulikuwa unasinzia. Uchawi wetu hauumbi kitu. Unahamisha tu. Ukali ukienda kwa huyo kijana, kwangu haubaki, na mimi bila ukali sijawahi kuwa hata dakika moja, kwa hiyo sijui nitakuwaje. Pengine nitapumzika kidogo, sijui. Cha kuazima kinarudi pale mwenyewe anapokidai kwa kinywa chake na kwa moyo wote. Akidai huku anajiumauma midomo, hakiji. Shangazi nilipomwazima meno yangu kwa ajili ya harusi yake, umesahau? Harusi ikaisha, akajifanya hasikii. Nikasimama mlangoni nikasema mara moja tu, "Nataka changu!" Yakarudi yakiwa na nyama ndani.

Kwa hiyo baraza likiisha, siku inayofuata, nadai. Usiniletee habari za kesho na keshokutwa.

Kwenye kifurushi hiki kuna aproni yangu. Nimeivaa siku saba bila kufua, tangu kabla barua yako haijafika, nikagomba nayo na fundi viatu, muuza mkaa na yule mwanamke anayehesabu kura za mtaani. Iloweke kwenye maji ya mwisho ya kusuuza kola zake. Usiikamue kwa nguvu kama kawaida yako, utaipasua. Ni aproni ya Mama.

Huyo Baba Mdogo simpendi. Mtu anayevaa soksi za mwenzake hana mpaka.

Dada yako
(Na uandike mara kwa mara. Si kwamba nangoja.)


Kasri
Tarehe 1, mwezi wa tatu

Dada,

Shikamoo, shikamoo tena, shikamoo mara kumi. Laiti ungekuwepo! Ingawa kusema kweli ulikuwepo.

Niliisuuza kola kama ulivyoagiza. Asubuhi ya baraza akaivaa, mimi nikajibanza nyuma ya pazia na kapu la leso. Mawaziri wakaingia. Mfalme akawa anamtazama waziri wa hazina miguuni. Anatazama tu. Mara akasema, "Rudi nje ukapanguse." Waziri akacheka, akidhani ni utani. "Unacheka nini? Hili zulia unalifua wewe? Toka!" Dada, alitoka. Akapangusa miguu mpaka mlinzi wa mlangoni akamwonea huruma.

Kisha Baba Mdogo akasimama na karatasi yake, akaanza, "Kwa kuwa mpendwa wetu hajisikii vizuri..." Mfalme akasema, "Nani hajisikii vizuri? Mimi? Wewe ndiye wa kupimwa. Ondoa kiwiko mezani. Na hiyo sahani ni yangu, ilikuwa yangu jana na juzi, na hizo kucha, nani alikulea?" Baba Mdogo akaficha kucha chini ya karatasi. "Na kabla hujaenda shamba kwako, maana unaenda leo, vua soksi zangu."

Alizivua mbele ya baraza zima. Nilimsikia hata mpiga tarumbeta anameza mate.

Nililia nyuma ya pazia. Nilikuwa nakusikia wewe, kila neno, na lile la kucha nimeshaambiwa mimi nikiwa na miaka sita. Kwa mara ya kwanza halikuwa linanilenga mimi.

Baraza limeisha salama. Ukali wako hujaudai bado, au nimekosea? Leo asubuhi mfalme amemgombeza mpishi.

Mdogo wako


Nyumbani
Tarehe 8, mwezi wa tatu

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na asante kwa kuniamkia vizuri hivyo. Nimefurahi sana kwa ajili ya kijana. Hata huyo Baba Mdogo namwonea huruma kidogo, kurudi shamba bila soksi.

Nitaudai, usiwe na wasiwasi. Juzi nilisimama mlangoni, lakini fundi viatu alikuwa anapita nikaona nitamshtua. Jana jua lilikuwa kali. Kama bado unamfaa kijana, hakuna haraka.

Hapa ni kimya. Sikuwahi kujua kwamba nyumba hii ina kimya kikubwa hivi, labda kwa sababu nilikuwa naongea mimi. Mbuzi alikula ngozi ya fundi viatu, ngozi ya buti zima, na fundi akaja ukutani amevimba. Nikamwomba radhi. Alibaki amesimama kama anayengoja kitu, kisha akarudi ndani, na tangu siku ile hajaja tena. Sijui nimemkosea nini.

Nakukumbuka. Nikipanga vikombe natoa viwili. Ulipokuwa mdogo ukapata ile homa, nilikukemea usiku na mchana unywe dawa, unakumbuka? Nilikuwa naogopa utakufa. Sijui kwa nini sikusema hivyo. Ingekuwa rahisi tu kusema.

Dada yako anayekupenda


Kasri
Tarehe 15, mwezi wa tatu

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma hadi karatasi imelegea. "Mpenzi"! Hujawahi kuniita hivyo hata siku ninaondoka. Siku ile uliniambia nimefunga mzigo kama mtu anayekimbia moto.

Kwa nini hukuniambia habari ya homa? Miaka yote nilidhani nilikuwa nakusumbua.

Sasa kuhusu ukali, kama unavyosema, hakuna haraka. Mfalme ana mkutano na wenye ardhi, halafu kuna mabalozi, halafu kuna kukagua jeshi. Nimehamishiwa chumba cha juu, chenye dirisha. Wananiita Bibi Sabuni na wananipisha kwenye ngazi. Mfalme ananiuliza kila jambo, japokuwa kwa kugomba, na hashuki tena kukaa kwenye kapu. Ana kazi nyingi. Chumba ni kikubwa, na jioni nakaa mwenyewe nasoma barua yako.

Niandikie nyingine kama ile. Niambie zaidi nilivyokuwa mdogo.

Mdogo wako mpenzi


Nyumbani
Tarehe 2, mwezi wa nne

Mdogo wangu mpenzi,

Ulikuwa mtoto mwenye masikio makubwa na ulikuwa unafuata nyuma yangu umeshika aproni. Nilikuwa nakuambia uniachie. Ulipoacha kunishika, ukubwani, nilitafuta kisingizio cha kukuita jikoni lakini kila nilipofungua mdomo kilitoka kingine.

Mimi ni mzima. Yule binamu yetu wa upande wa pili amekuja na masanduku yake, yeye na mumewe na mama mkwe. Alisema nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, nikaona kweli. Wamechukua chumba cha Mama na chako. Muuza mkaa aliisifu sufuria ile nzito, nikampa. Yule mwanamke wa kura aliuliza kama natumia meza.

Mimi nalala kwenye banda la kuni. Usishtuke, kuna hewa safi, na ukilala chali unaona nyota pale mabati yalipoachana. Kikohozi ni cha vumbi tu.

Leo hakuna aliyeongea nami isipokuwa mama mkwe wa binamu aliyeniuliza chumvi iko wapi. Nilimweleza kirefu, ili aendelee kusimama pale.

Usijali kuhusu ule ukali. Wewe una furaha, mimi nimefurahi.

Dada yako


Karakana ya viatu, jirani na kwenu
Tarehe 10, mwezi wa nne

Kwa mdogo wa jirani yangu,

Salamu. Mimi ni fundi viatu wa upande wa ukuta mfupi. Tunajuana: wewe ndiye uliyekuwa ukinirushia maganda ya machungwa, na dada yako ndiye aliyekuwa akikuonyesha pa kulenga. Mimi si mtu wa kuandika barua. Nikikosea unisamehe.

Dada yako ameniomba msamaha. Njoo haraka.

Nieleze vizuri. Kila asubuhi nikifungua dirisha, dada yako hunitukana kuhusu nyundo yangu. Mimi hujibu kuhusu mbuzi wake. Ndipo tunajua kumekucha, kila mtu anaenda kazini kwake. Mke wangu alipofariki watu wote walikuwa wananinong'oneza, kana kwamba nami nimelazwa. Dada yako peke yake alipiga kelele ukutani kama kawaida: nyundo, nyundo, nyundo. Nikajua bado nipo. Sijawahi kumwambia.

Sasa mbuzi amekula ngozi ya buti la askari. Nikaenda ukutani nimejiandaa hasa, nina maneno mapya. Akasema, "Nisamehe, jirani, nimekukosea." Kesho yake akanipa mbuzi. Mbuzi yuko huku, analia kutwa. Nimeanza kupiga nyundo alfajiri makusudi, kwenye bati tupu, hata kiatu sina. Alinisalimia akasema napiga vizuri.

Binamu yenu ameichukua nyumba. Nilikwenda kumtoa na mwiko mkononi, dada yako mwenyewe akatoka banda la kuni akasema, "Mwache, amechoka." Anakohoa vibaya. Jana binamu alimwambia banda nalo linahitajika, kwa kuku. Alikuwa anakunja blanketi lake nilipomwona.

Sijui mmefanya nini ninyi wawili, na mambo yenu ya kichawi mimi siyataki kuyajua. Lakini yule si jirani yangu. Nirudishieni.

Fundi viatu


Kasri
Tarehe 14, mwezi wa nne

Dada,

Dai! Sasa hivi, ukimaliza kusoma mstari huu, simama mlangoni useme! Usinijibu kwanza, dai!

Kama huwezi, basi kasirika. Nakusaidia. Supu yako haina chumvi na haijawahi kuwa nayo. Unakoroma. Ile ndoa uliyoikataa, ulikosea kuikataa. Mama alinipenda mimi zaidi. Nilivunja birika la bluu nikamsingizia mbuzi, na ulimpiga mbuzi bure. Aproni ya Mama nimeikamua kwa nguvu, kama kawaida yangu, na imepasuka.

Kasirika, Dada, nakuomba.

Mdogo wako


Ukutani kwa fundi viatu
Tarehe 19, mwezi wa nne

Mdogo wangu mpenzi,

Matusi yako nimeyasoma yote na mengi ni ya kweli. Supu ni ya maji. Kuhusu aproni usijisumbue, nguo huisha. Maskini mbuzi.

Nimejaribu. Nilikwenda mlangoni, sasa ni mlango wa binamu kwa hiyo niliomba ruhusa kwanza, nikasema "Nataka changu." Ilitoka hivi: "Nataka changu, kama haitakuwa usumbufu." Nikarudia. Mama mkwe akanipa kijiko, akidhani ndicho nilichokisahau.

Nimekaa nikafikiri, na nadhani nimeliona kosa letu. Tuliazima kile kile ambacho mtu hutumia kudaia. Meno unaweza kuyadai bila meno. Ukali huwezi kuudai bila ukali. Mama hakutufundisha hili kwa sababu hakuna aliyewahi kuuomba, nani angeutaka? Tumefanya kitu ambacho hata mchawi wa siku ya kwanza angecheka.

Fundi viatu amenipa kona kwenye karakana, nyuma ya viatu ambavyo wenyewe hawajavifuata. Ananipikia, halafu ananitazama. Namwambia asante, naye anageuka upande. Nadhani nampa huzuni. Sitaki kumpa mtu huzuni, kwa hiyo nitaondoka mwisho wa mwezi, niende mahali ambapo hawanijui. Hapo hakuna atakayemtafuta yule wa zamani ndani yangu.

Usilie. Najua unalia, kalamu yako huwa inavuja.

Dada yako


Kasri
Tarehe 25, mwezi wa nne

Kwa Bibi, mwenye ukali,

Shikamoo. Mimi ndiye mfalme. Samahani kwa mwandiko, na kwa mengine nitakayokueleza.

Jana nilishuka chumba cha kufulia kugomba kuhusu shati. Ilikuwa muda mrefu sijashuka. Nilimkuta mdogo wako amekaa kwenye kapu, mahali pangu, ana barua yako mapajani. Nikamwuliza kwa sauti analilia nini. Akanieleza yote: kola, aproni, banda la kuni, kijiko.

Bibi, nilikasirika kuliko siku ya baraza. Lakini haikuwa hasira yangu, mimi sijui kukasirika kiasi hicho. Ilikuwa inajua mambo nisiyoyajua. Nilimwambia, "Tangu utoto ukiona kidonda lazima ukiguse! Ulizipenda hizo barua! Alikuwa anaisha kidogo kidogo, nawe unasema niandikie nyingine!" Nilimwambia kuhusu paa na ndoo. Mimi sijui kama mna ndoo. Kisha nikapiga meza ya pasi, na kikatoka kinywani mwangu, sikukipanga: "Nataka changu!"

Mdogo wako akainua kichwa. Alisema taratibu, "Mama alisema kinywa cha mwenyewe. Lakini hasira iliyosema ni ya mwenyewe." Nikasikia kitu kinanitoka kifuani, kama mtu aliyekuwa amekaa muda mrefu akainuka na kuondoka bila kuaga.

Nikaiomba meza msamaha.

Naandika sasa nikiwa mimi tu. Baba Mdogo ameomba kuonana nami Jumatatu. Nafikiri amesikia. Naogopa sana, lakini ningependa ujue kwamba nilikuwa na kampani nzuri, na sikujua kwamba kwako ilikuwa imepungua.

Samahani, na asante.

Mfalme


Nyumbani. NYUMBANI, umesikia?
Tarehe 25, mwezi wa nne, mchana

Wewe kiumbe,

Jana nilikuwa nakula supu ya fundi viatu. Nikaweka kijiko chini nikamwambia, supu gani hii, unachemshia soli? Mwanamume mzima akaangua kilio. Akapiga kelele kuhusu mbuzi, machozi yanamtoka, nami nikampigia kelele kuhusu nyundo, majirani wakatoka kutazama.

Kisha nikaenda kwangu. Binamu ameondoka na masanduku yake, mama mkwe ametangulia, mume alipitia dirishani ingawa mlango ulikuwa wazi. Muuza mkaa ameleta sufuria kabla sijafika kwake. Meza inakuja.

NIKAMPIGA MBUZI BURE? Birika la bluu?

Usinijibu.


Kasri, chumba cha kufulia
Tarehe 2, mwezi wa tano

Dada,

Shikamoo. Najua ulisema nisikujibu.

Nimerudi chini. Chumba cha juu nimekiacha mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Baba Mdogo alikuja Jumatatu na karatasi ile ile. Mfalme alikuwa amelowa jasho, nilimwona kwa nyuma ya kola. Akasema, polepole, kwa sauti yake ile ya kuomba samahani, "Hapana." Basi. Baba Mdogo akamtazama, akaangalia miguu yake mwenyewe, akavua soksi. Nadhani alifikiri mfalme akitulia ndiyo mbaya zaidi. Mfalme alikuja kukaa kwenye kapu baadaye na alitapika kidogo, lakini anaendelea vizuri.

Natuma aproni. Nimeishona. Mishono inaonekana.

Kuna kitu nataka kuuliza na naogopa kuuliza. Zile barua, Dada. Homa, masikio makubwa, vikombe viwili. Yule aliyekuwa ananiandikia, alikuwa nani? Kwa sababu ameondoka nami nimebaki namkumbuka, na najua sina haki. Fundi viatu alikuwa anakulilia wewe, na mimi nilikuwa nafurahi. Mfalme alisema kweli, nilizipenda. Nilizipenda kwa sababu nilikuwa peke yangu huku, na hata huko nyumbani nilikuwa peke yangu, nyuma ya aproni yako.

Kama hutaki nije, sitakuja.

Mdogo wako


Nyumbani
Tarehe 11, mwezi wa tano

Wewe,

Marahaba. Aproni imefika. Mishono ni ya kipofu. Nimeifumua nikashona upya, isipokuwa ule wa mfukoni, ule nimechoka tu, usidhani kuna sababu nyingine.

Paa limezibwa. Fundi viatu alipanda akaziba kwa ngozi, sasa mvua ikinyesha nyumba nzima inanuka buti. Nimemwambia. Amenijibu. Mbuzi amerudi, amenona, fundi amemdekeza.

Huyo kijana mwambie "hapana" yake ni ya kwake, sikumwachia hata tone. Na aache kula kola.

Nimekukasirikia. Nataka ujue hilo, kwa sababu sasa naweza. Nimelala bandani na kikohozi, nawe unaniomba hadithi za utotoni. Hasira hiyo itakaa muda, sijui muda gani, na sitajifanya imekwisha ili ulale vizuri.

Sasa swali lako. Nimeanza kulijibu mara tatu, na karatasi mbili nimechoma.

Alikuwa mimi, mpumbavu wewe. Nani mwingine angejua habari za masikio yako? Ukali ule ulikuwa mlango wangu. Ulipouchukua, watu wakaingia wakabeba meza na sufuria, na wewe ukaingia ukabeba ulichokuta. Lakini vitu vyenyewe vilikuwemo humu ndani siku zote. Sikuviazima kwa mtu. Vikombe viwili nilikuwa natoa kabla ya hayo yote, na asubuhi ya leo nimetoa viwili, nikatukana, nikarudisha kimoja.

Maneno yale sitayaandika tena, kwa hiyo hizo barua usizipoteze. Nilitaka kukuambia uzichome. Usizichome.

Chumba chako kina harufu ya binamu. Nimefungua madirisha. Sikuiti, na kama unakuja usiniandikie tarehe, sitaki kukaa nangoja kama nilivyongoja tangu siku ile umeondoka. Njoo tu. Ukifika, gonga. Nitapiga kelele kuuliza ni nani huyo anayegonga saa ya kazi. Usiondoke. Gonga tena.

Dada yako